Vidole vya Mizani na Rimu za Inchi Kumi na Saba

Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe, mama yake mzazi, na labda karani aliyemwandikia kitambulisho. Watu wengine wote walimwita Mizani, na kwa miaka mingi jina hilo lilimkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Alilipata mwaka wake wa pili kwenye gereji ya matairi. Siku hiyo mashine ya kupigia magurudumu balansi, kuyasawazisha uzito, ilikuwa imekufa, na wateja saba wamejipanga nje jua likiwachoma utosi. Mizani akachukua gurudumu la kwanza, akalitundika, akalisukuma kwa kidole kimoja, akafumba macho. Lilipokaribia kusimama akaliwekea ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. "Hapa," akasema, "pigeni kipande cha risasi hapa." Akafanya hivyo kwa magari yote saba. Mashine ilipopona, mwenye gereji akayaita yale magari yarudi yapimwe. Sita yalikuwa sawasawa. La saba lilikosewa kwa uzito wa punje ya mchele.

Mwenye gereji, ambaye sasa ni marehemu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu si fundi," akasema. "Huyu ni mizani!"

Basi likawa jina.

Alikuwa na mtindo wake ambao wateja waliupenda. Akishafunga gurudumu, kabla hajarudisha kile kifuniko cha katikati, alipitisha kidole cha shahada ndani ya tundu la rimu akakizungusha polepole, anatafuta kama rimu imekaa vizuri juu ya kitovu cha gari, kile chuma cha mviringo kinachoibeba. Hakuchungulia. Alikuwa akisema macho hudanganywa na grisi na vumbi, kidole hakidanganywi na mtu. Akimaliza kukizungusha alikitoa, akakipangusa kwenye surupwenye lake, na kutangaza: "Kidole kimesema ndiyo." Mteja anaondoka roho kwatu.

Ganzi ilianza kama mgeni mwenye adabu. Asubuhi za baridi ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia ziligeuka nyeupe kama chaki, akashika kikombe cha chai, zikarudi rangi yake. Baadaye kikombe kimoja hakikutosha. Kisha mgeni akaleta mizigo yake yote, akakaa. Vidole vitano vya kulia, vitatu vya kushoto. Mizani alipookota nati chini aliziona zikiwa mkononi, lakini hakuzisikia.

Alikwenda hospitali siku ya mapumziko, akamwambia mkewe anakwenda kumwona rafiki. Daktari, mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa, alimchoma ncha za vidole kwa kitu kama sindano na kumuuliza maswali machache.

"Ile bunduki ya upepo ya kufungulia nati umeshika miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Inatetemeka?"

"Daktari, inatetemeka mpaka meno yanaongea."

"Basi ndiyo hiyo. Mtetemo umeichosha mishipa ya fahamu. Acha bunduki, tuone kama iliyobaki itapona. Iliyokufa haitarudi."

"Hakuna hata sindano?"

"Hakuna hata sindano, kaka yangu."

Alirudi nyumbani amebeba ndizi, ili aonekane katoka kwa rafiki kweli. Mkewe alikuwa jikoni, mtoto mchanga mgongoni, yule mkubwa wa miaka saba anakuna kichwa na kusoma kitabu cha shule kwa sauti. Alizipokea ndizi, akaziweka, akamwambia, "Lete mkono. Fumba macho."

Akafumba.

"Nakubonyeza kwa ukucha. Unasikia?"

"Nasikia."

"Mwongo. Sijakugusa."

Mkewe alikuwa ameshajua miezi mitatu nyuma. Alimwona akimfunga mtoto vifungo vya gauni huku ameyatoa macho kama anayetunga uzi kwenye sindano, yeye ambaye zamani alivifunga huku anapiga soga na kutazama dirishani. Hakumsema. Alianza tu kununua nguo zisizo na vifungo.

"Waambie kazini," alisema usiku ule, na kesho yake, na mara nyingine nyingi.

Mizani hakuwaambia. Alijua gereji ile inavyokwenda. Kulikuwa na mafundi wawili wa magurudumu, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimtafutia kazi. Kulikuwa na mlinzi getini, na ofisini alikaa Bi Mkubwa, mjane wa yule marehemu, ambaye alijua kila nati ilipo. Mtu wa tano hakuwa na pa kukaa. Fundi wa magurudumu asiye na vidole angekwenda wapi? Na hata angepewa pa kwenda, jambo lenyewe lililomzuia halikuwa hilo. Alikuwa Mizani. Watu walivuka mitaa miwili wakapita gereji nyingine tatu ili waje kwake. Siku watakayojua kwamba kile kidole ni kijiti tu, atabaki nani?

Akajifunza ujanja. Nati alizibeba katikati ya kiganja, ambako bado palikuwa na uhai. Alizihesabu kwa macho. Bunduki ya upepo alimwachia shemeji, akasingizia mgongo. Shemeji akaamini, akaanza kumtania.

"Shemeji, mgongo huo unauma ukiona kazi tu. Ukiona chakula unapona."

"Na wewe ungekuwa na mgongo ungejua. Wewe una ubao wa kuanikia nguo."

Walicheka. Lakini kidole cha mwisho, kile cha ndani ya rimu, hakuweza kumwachia mtu. Kila mtu alikingoja. Basi aliendelea kukipeleka na kukirudisha, kama anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, na kusema, "Kidole kimesema ndiyo."

Mwaka na nusu ulipita hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika. Hilo ndilo lililomdanganya. Magari yaliyokuja pale yalikuwa magari ya siku nyingi, yenye injini zinazokoroma na milango inayogonga. Usukani ukitetemeka kidogo, dereva anailaumu barabara, anailaumu injini, anamlaumu aliyemuuzia. Fundi wa magurudumu ndiye wa mwisho kukumbukwa. Mizani akaanza kuamini kwamba labda mkono wake una akili ya peke yake, kwamba miaka kumi na tisa imeingia mpaka kwenye mfupa, na mfupa hauhitaji kusikia.

Kisha likaja gari la Bwana Mapazia.

Bwana Mapazia alikuwa na duka la mapazia karibu na stendi, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, na gari lake lilikuwa haibridi nyeupe, lile linalokwenda kwa betri na mafuta kwa zamu. Liliingia gerejini bila mlio wowote. Shemeji, aliyekuwa amechutama katikati ya njia akisugua rimu, aliruka kama amemwagiwa maji.

"Mzee! Piga hata honi! Utatuua kimyakimya."

"Mwanangu, hata mke wangu haamini nimefika mpaka anione sebuleni." Bwana Mapazia alishuka, akafungua buti. "Mizani, nimekuletea mzigo."

Ndani kulikuwa na rimu nne za spoti, kila moja imeviringishwa pazia la zamani lenye maua. Matairi yake manne mapya yalikuwa kiti cha nyuma, yamefungwa mkanda kama abiria.

"Umezipamba kama maharusi," alisema Mizani.

"Zisipate mkwaruzo. Hawa watoto wa dukani wamenichosha. Wanasema gari langu linafanana na kiatu cha nesi."

"Si uongo, mzee," alisema shemeji. "Jeupe, tena halina mlio."

Walicheka wote, hata Bi Mkubwa kule dirishani pa ofisi. Mizani akaifunua rimu moja, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nzuri, nyeusi, yenye mikono mitano myembamba.

"Hizi ni inchi kumi na saba," alisema. "Gari lako limekuja na kumi na tano. Nitazifunga, zitaingia. Ila nikuambie ukweli wake. Kimo cha gurudumu zima hakitakiwi kubadilika, kikibadilika saa ya mwendo itakudanganya. Kwa hiyo ukiongeza chuma lazima upunguze mpira. Tazama hili tairi, ukuta wake ni vidole vitatu tu. Zamani shimo la barabarani lilimezwa na tairi. Sasa utalimeza wewe, kwa kiuno."

"Kiuno changu kimekula mashimo mengi."

"Na mafuta je? Hili gari linakunywa mafuta kama mtoto anavyokunywa dawa. Rimu kubwa ni nzito, tairi pana linang'ang'ania lami. Utalifundisha kunywa."

Bwana Mapazia alimshika bega. "Mizani. Mimi nimeuza mapazia miaka thelathini. Mtu akija anataka maua makubwa, simwambii kwamba ya mistari yanapitisha hewa. Namkatia. Nawe nikatie."

Kazi ikaanza. Mizani alisoma namba za ubavuni mwa tairi, maana gari lenye betri kubwa ni zito na si kila tairi lenye ukuta mfupi linalibeba. Zilifaa. Akamwambia Bwana Mapazia azime gari kabisa na ufunguo akakae nao kule kwenye benchi, kwa sababu gari la namna hii likinyamaza si kwamba limelala. Shemeji akapiga jeki pale palipowekewa alama, mbali na nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkali wa betri, zilizopita chini ya sakafu.

Matairi yalivishwa, yakapigwa balansi kwenye mashine, namba zikasoma sifuri. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwenye pete.

Rimu za kununua dukani hutobolewa tundu kubwa la katikati, ziweze kuingia magari mengi. Gari la Bwana Mapazia lilikuwa na kitovu kidogo. Ule upenyo unaobaki huzibwa kwa pete ya plastiki, nyembamba, inayobanwa nyuma ya rimu ili ikalie kitovu bila kuyumba. Zilikuja nne kwenye kifuko. Pete ikiingia sawasawa hushika na kutoa kishindo kidogo, na dole gumba linaisikia ikishika.

Mizani alizibana moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliibana wakati Bwana Mapazia anasimulia habari ya mteja aliyetaka pazia la kuzuia sauti ya mama mkwe. Kishindo alikisikia, au alidhani amekisikia, maana wote walikuwa wanacheka. Akaiinua rimu, akaitundika, akaanzisha nati kwa mkono. Shemeji akakaza kwa spana ya kupimia, ile inayolia *tak* nguvu ikitosha.

Mwishoni Mizani akazunguka gari na kidole chake. Tundu la kwanza. La pili. La tatu. La nne. Kila mahali kidole kiligota kwenye kitu kigumu. "Kidole kimesema ndiyo," alisema, na Bwana Mapazia akapiga makofi kama yupo kwenye mpira.

Jioni ile mkewe alikuwa anamlisha mtoto uji. Kijiko kilikwenda, nusu kikarudi kidevuni.

"Leo umesema?" alimuuliza bila kugeuka.

"Sijasema."

"Unangoja nini, baba watoto? Mpaka nini kitokee?"

"Hakuna kilichotokea mwaka na nusu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mizani alikaa kwenye kigoda, akavua viatu. "Nikisema, mimi ni nani pale?"

"Hapa wewe ni baba wa hawa."

"Baba anayefanya nini?"

Mkewe alifuta kidevu cha mtoto kwa ncha ya khanga. Alitafuta jibu, na Mizani alimwona akilitafuta, na alipoona halipatikani alisikitika kwamba ameuliza.

Siku ya nne Bwana Mapazia alirudi. Hakutania. Aliegesha gari, akashuka, akasimama akilitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

"Mizani, kuna kitu."

"Sema, mzee."

"Mjini liko sawa. Lakini jana niliingia barabara kuu na binti yangu na mjukuu. Nikafika themanini. Usukani ukaanza kutetemeka kama mkono wa mlevi. Nikasema labda ni lami. Nikaachia mafuta, gari likaingia kwenye betri, injini ikazima. Mlio wote ukaondoka. Ndipo nikasikia, chini ya miguu yangu, *wuu, wuu, wuu*. Gari jingine ningesingizia injini. Hili halina pa kusingizia."

Mizani aliinama akayatazama magurudumu ya mbele. Alisema, "Labda kipande cha risasi kimedondoka."

"Labda."

Bi Mkubwa alitoka ofisini. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini, mwenye kalamu sikioni siku zote, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisikiliza habari yote tangu mwanzo.

"Nani alifunga?"

"Mimi," alisema Mizani.

"Basi haiwezi kuwa kubwa. Inueni tuone."

Walilipandisha gari, pembe zote nne. Shemeji akatoa vifuniko vya katikati. Bi Mkubwa alivuta sketi yake akachutama kwenye gurudumu la kwanza pamoja nao, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Mizani akapitisha kidole, akazungusha.

"Pete ipo."

La pili. "Ipo."

La tatu. "Ipo."

Kwenye la nne, la mbele upande wa abiria, kivuli cha ukuta kilikuwa kizito. Mizani akapeleka kidole, akakizungusha polepole kama kawaida yake, akakitoa, akakipangusa kwenye surupwenye.

"Ipo."

Bi Mkubwa alikuwa ameshawasha tochi ya simu. Aliilenga ndani ya tundu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mizani, rudisha kidole."

Akakirudisha.

"Kizungushe. Pete ipo?"

Kidole kilikuwa kimegota kwenye kitu kigumu, kama siku zote. "Ipo, Bi Mkubwa. Kidole kimesema."

Shemeji aliinama akachungulia kwenye mwanga. Kati ya rimu na kitovu kulikuwa na upenyo, unene wa sarafu mbili, na kidole cha Mizani kilikuwa kimeingia humo nusu ya ukucha. Ngozi ilikuwa imechunika kwenye ukingo wa chuma na damu imeanza kutoka.

"Shemeji," alisema, taratibu sana. "Hamna."

Kompresa ya upepo ilijaa ikajizima yenyewe. Bi Mkubwa aliuchukua mkono wa Mizani akauvuta kwenye mwanga wa tochi. Aliona damu. Aliona doa la kuungua pembeni mwa kidole cha kati, la birika, la wiki iliyopita, na mikwaruzo mingine mingi ambayo mwenye mkono hakujua ilitoka wapi.

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu wiki hii. Alimwangalia yule mama usoni akaona kwamba hata akidanganya haitasaidia. "Mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu," alirudia Bi Mkubwa. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aligeuka akatazama geti, kule magari yanakotokea na kwendea. "Umefunga magari mangapi, Mizani, mwaka na nusu?"

Mizani aliyaona yakipita: lile la rangi ya kijani la mkunga, lile la kubebea mikate, la mchungaji na watoto wake watano. Kila moja alilipelekea kidole na kulitangazia ndiyo.

Bwana Mapazia alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mkononi. Kama angetukana ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Mjukuu wangu alikaa upande ule."

Pete waliikuta nyuma ya mashine ya kuvulia matairi, imejaa vumbi. Shemeji aliipangusa, akaibana, akaimulika, akafunga. Yeye ndiye aliyelipeleka gari barabara kuu kulijaribu. Liliporudi alisema limenyooka, usukani umetulia kama meza. Bwana Mapazia aliaga kila mtu kwa adabu, pamoja na Mizani, na huo ndio ukawa mwisho wa kuja kwake pale.

Bi Mkubwa alimwita ofisini mlango ukiwa wazi.

"Hutagusa gurudumu tena hapa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mume wangu alikupenda. Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekutafutia kitu. Sijui ningekitoa wapi, lakini ningetafuta. Sasa nikikuweka hata getini, mteja akikuona atauliza." Aliitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nakupa wiki moja. Mfundishe shemeji yako hicho unachokijua. Kisipotee chote."

Mizani aliishika ile wiki kama mtu anayeshika kamba. Usiku huo alimwambia mkewe, na mkewe hakusema nilikuambia. Alisema, "Basi mfundishe vizuri. Itakuwa mikono yake, lakini ujuzi ni wako." Mizani alilala na maneno hayo. Asubuhi aliwahi kazini kuliko wote.

"Haya, shemeji," alisema. "Fumba macho. Peleka kidole."

Shemeji alifumba, akapeleka. Hakutania siku hiyo. "Nimepeleka."

"Unasikia nini?"

"Chuma."

"Siyo chuma. Pale rimu inapokutana na pete. Ikiwa imekaa inakuwa..."

"Inakuwaje?"

"Inakuwa kama... imefika."

"Imefika wapi?"

Mizani alipeleka kidole chake mwenyewe akitafuta kumwonyesha. Akakizungusha. Hapakuwa na kitu, si rimu, si pete, si baridi ya chuma. Akafumba macho ajaribu kukumbuka, ilikuwaje zamani, siku ile ya magari saba, siku zile zote. Alikumbuka jua. Alikumbuka kicheko cha marehemu. Alichokisikia kwenye ncha za vidole hakikuwepo popote kichwani. Alikitafuta kama mtu anayetafuta sauti ya mtu aliyekufa zamani, anakumbuka sura, anakumbuka maneno, sauti haiji.

"Jaribu nati," alisema. "Nati hizi zina ncha kama koni. Ukianza kwa mkono, inafika mahali inajikalia. Utaijua."

"Nitaijuaje?"

"Inakaa tu, bwana! Inakaa!"

Aliogopa sauti yake mwenyewe. Shemeji alitazama chini.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu shemeji, kwa aibu, akatoa simu mfukoni akawasha tochi. Akachungulia nyuma ya rimu kabla ya kuitundika: pete imekaa. Akachungulia tundu la katikati baada ya kuitundika: hakuna upenyo. Akakaza kwa spana ya kupimia, *tak, tak, tak, tak, tak*. Akatazama mashine ya balansi, sifuri na sifuri.

"Shemeji," alisema, "samahani. Labda hivi inatosha?"

Mizani alilitazama lile gurudumu. Lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Alilitafutia kasoro, kwa moyo wote alilitafutia, kwa macho ambayo miaka yote hiyo aliyasema vibaya. Hakuona.

"Inatosha," alisema.

Wiki haikufika mwisho. Siku ya nne mchana alinawa mikono kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, kila ukucha peke yake, mpaka weusi wa miaka ukatoka na vidole vikabaki vyeupe, vyenye mikunjo. Akatundika surupwenye kwenye msumari. Bi Mkubwa alitoka akampa mkono, naye akaupokea, na hakujua kama alibanwa kwa nguvu au kwa huruma. Shemeji alimsindikiza mpaka getini.

"Jioni nitapita kuwaona watoto."

"Pita."

Mtaani watu walimshangaa kumwona saa ile. "Leo mapema, Mizani?" aliuliza mshona viatu wa pale kona. "Mapema," alijibu, na hakusimama.

Mkewe alikuwa anaanua nguo. Alipomwona amesimama mlangoni bila surupwenye alielewa. Aliiweka chini beseni ya nguo, akamchukua mtoto sakafuni, na Mizani alipokaa kwenye kigoda akamkalisha mapajani mwake. Kisha akarudi kwenye kamba, akaanua zilizobaki, moja moja, akizikunja pale pale ingawa bado zilikuwa na umajimaji.

Mtoto alimtazama baba yake. Siku hizo alikuwa anatoa magego, kila kitu kilikwenda mdomoni. Aliushika ule mkono uliooshwa kwa mikono yake miwili midogo, akachagua kidole, akakiingiza mdomoni, akakitafuna kwa bidii, mate yakimchuruzika mpaka kifundoni. Mizani alikaa akimtazama. Aliona taya dogo likibana na kuachia, kubana na kuachia, na kwa kuona hivyo ndivyo alivyojua kwamba anang'atwa.